Kutoka Meza ya Magazeti hadi Blogu: Mabadiliko ya Usomaji wa Habari Tanzania, 2004–2018

Insha hii inachunguza namna wasomaji wa habari nchini Tanzania walivyoyapa kisogo magazeti hatua kwa hatua na kuzielekea blogu za watu binafsi. Mabadiliko hayo aghalabu huelezwa kuwa ni tunda la teknolojia. Hoja inayojengwa hapa ni tofauti kidogo: blogu zilipokewa kwa wepesi kwa kuwa ziliafikiana na mazoea ya usomaji yaliyokuwapo tangu zamani. Kilichobadilika hasa ni mahali msomaji alipoiweka imani yake, yaani kutoka kwa taasisi kwenda kwa mtu anayefahamika kwa jina.

Kihistoria, gazeti la Kiswahili lilikuwa sauti ya taasisi. Msimulizi, lililoanza Zanzibar mwaka 1888, lilikuwa la wamisionari wa UMCA. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni. Uhuru, la mwaka 1961, lilikuwa la TANU. Baada ya Tanganyika Standard kutaifishwa mwaka 1970, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti lolote. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, magazeti binafsi yaliongezeka, lakini sheria hiyo ilibaki. Kwa mamlaka hayo, MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana Julai 2012, na Septemba 2013 Mwananchi likafungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90.

Hata hivyo, idadi ya nakala zilizouzwa haikupata kuwa kipimo kamili cha usomaji. Nakala moja ilipita mikononi mwa watu wengi ofisini, kijiweni na nyumbani. Wapita njia walisimama mbele ya meza ya muuza magazeti, wakasoma vichwa vya habari na kuvijadili, kisha wakaondoka bila kununua. Redio nazo zilisoma vichwa hivyo asubuhi, na matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam yaliwafikishia ndugu wa mbali taarifa za misiba. Kwa msomaji wa aina hii, habari ilikuwa kitu cha kushirikiana, kupata bure na kujibizana juu yake.

Ndani ya mazoea hayo ndipo blogu zilipoingia. Jikomboe ya Ndesanjo Macha, iliyoanza mwaka 2004 mwenyewe akiwa Marekani, hutajwa miongoni mwa blogu za mwanzo za Kiswahili, na iliegemea fikra na mjadala. Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, gazeti la serikali, alianzisha yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, nchini Finland. Hiyo iliegemea picha: shughuli za viongozi, harusi, tanzia na mikusanyiko ya Watanzania ughaibuni. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti nchini ilitegemea zaidi setilaiti na bei yake ilikuwa kubwa. Kwa hiyo, Watanzania walioishi nje, ambao gazeti la nyumbani halikuwafikia, walikuwa na nafasi ya pekee katika kuzikuza blogu hizo.

Ulinganisho wa mazoea hayo mawili unaonyesha mwendelezo. Blogu nyingi zilibandika kila asubuhi picha za kurasa za mbele za magazeti: meza ya muuza magazeti ilihamia kwenye skrini. Tangazo la msiba lilihama kutoka redioni, na mabishano ya kijiweni yakaendelea katika maoni chini ya habari. Kwa maana hiyo, blogu haikuliua gazeti mara moja, bali iliishi kwa jasho la chumba cha habari bila kulipia gharama zake. Wala mpaka kati ya mtu binafsi na taasisi haukuwa wazi, kama mfano wa Michuzi unavyothibitisha. Msomaji alipata wepesi na ukaribu, lakini mara nyingi alipoteza jicho la mhariri wa pili.

Dola nayo iliufuta mpaka huo kwa njia yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Mtu aliyeandika nyumbani baada ya kazi aliwekwa katika kapu moja na mfanyabiashara wa habari. Baadhi ya waandishi waliweka kalamu chini.

Hasara yake kwa taaluma ya historia ni kubwa. Nakala za magazeti ya zamani bado zinasomeka katika maktaba na nyaraka, hata ya yale yaliyofungiwa. Blogu isiyolipiwa anwani yake inaweza kutoweka pamoja na maoni yote ya wasomaji wake. Maoni hayo ni ushahidi adimu wa watu wa kawaida waliojibu habari kwa maandishi bila kupitia meza ya mhariri wa gazeti. Yasipohifadhiwa, mtafiti wa kesho atayajua yale waliyoandikiwa Watanzania wa kipindi hiki, lakini hatajua walivyoyasoma.