Haiskuli ya Marekani Inavyokwenda: Maelezo kwa Wazee



Maswali kuhusu skuli za Marekani hutufikia kutoka pande mbili. Wapo wazee wa Unguja na Pemba ambao kijana wao ameomba nafasi ya kusoma huko mwaka mmoja. Na zipo familia zenye ndugu bara, Chanika na vijiji vya Handeni, ambao jamaa zao wamehamia Marekani moja kwa moja pamoja na watoto. Tunaanza na hawa wa Handeni, kwa sababu yaliyowakuta yanaufafanua mfumo wenyewe.

Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani wakapelekwa Somalia, bonde la mto Juba. Biashara ile ilipita pwani yetu, na visiwa hivi vilikuwa na mkono wake. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, vizazi vyao, Waislamu ambao baadhi yao walikuwa bado wanasema Kizigua, walikimbia. Waliofika Tanzania waliwekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha Chogo, na wengi wamepewa uraia. Wengine walikuwa kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kupokea kiasi cha watu 12,000 miongoni mwao, wakaanza kuwasili mwaka 2003. Leo wapo Boise katika jimbo la Idaho, Lewiston katika jimbo la Maine, Columbus katika Ohio na miji mingine.

Jambo la kwanza lililowakuta ni hili: mtoto hupangiwa darasa kwa umri, si kwa alichokwisha kusoma. Haiskuli ni darasa la 9 mpaka la 12, yaani umri wa miaka 14 hadi 18. Kijana wa miaka 15 aliyekulia kambini, ambaye labda alijua juzuu kadhaa za Qur-ani lakini hakuwahi kusoma hesabu za darasani, aliingizwa darasa la 9 ajifunze Kiingereza na aljebra kwa wakati mmoja. Mlango haukufungwa, kwani skuli ya serikali ni bure, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1982 mtoto hawezi kukataliwa kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Lakini muda una mwisho. Katika majimbo mengi haki hiyo hukoma kijana akifika miaka 20 au 21, amemaliza au hajamaliza.

La pili huwatatiza sana wazee wetu: hakuna mtihani wa taifa. Hakuna kinacholingana na mtihani wetu wa kidato cha nne, ambapo miaka yote huamuliwa kwa wiki chache. Mwanafunzi hukusanya krediti, somo baada ya somo, na kwa kawaida kazi za nyumbani na majaribio madogo huingia katika alama. Alama hizo hutengenezwa wastani uitwao GPA, ambao kwa kawaida juu yake kabisa ni 4.0. Kila jimbo lina hesabu yake. Florida hudai krediti 24. Idaho imekuwa ikidai 46, kwa kuwa kule krediti huhesabiwa kwa nusu mwaka. Kwa hiyo anayehama jimbo katikati anaweza kujikuta amepungukiwa. Mzoea kusubiri mwezi wa mwisho ndipo akeshe akisoma, kule ataharibikiwa mapema, na wazee watajua akiwa amekwisha chelewa. Ipo mitihani ya SAT na ACT kwa ajili ya vyuo vikuu, ila kwa kawaida hiyo si ya kumalizia skuli.

Cheti cha kumaliza huitwa diploma. Jina lisikudanganyeni: si stashahada kama ya vyuo vyetu, ni cheti cha sekondari tu.

Skuli huzungumza na mzazi mara kwa mara: barua, simu, vikao vya mzazi na mwalimu. Mzazi asiyejua Kiingereza humtuma mtoto atafsiri, na hapa ndipo mambo mengi yanapopotea, kwani mtoto ndiye anayeshtakiwa na ndiye mkalimani! Mzazi na aombe mkalimani mtu mzima. Wilaya nyingi za elimu humtoa bila malipo. Kunyamaza kikaoni kwa heshima, kama tulivyozoea kumwachia mwalimu, kule huonekana ni kutojali.

Ama dini, skuli ya serikali haifundishi wala haisalishi. Mahakama Kuu ilikataza sala za kuongozwa na skuli mwaka 1962. Lakini mwanafunzi mwenyewe haruhusiwi kuzuiwa kuswali wakati wa mapumziko, na sheria ya mwaka 1984 inawapa Waislamu haki ya kuunda jumuiya yao pale ambapo skuli imeruhusu vikundi vingine vya wanafunzi visivyo vya masomo. Hijabu pia: mwaka 2003 skuli moja mjini Muskogee, Oklahoma, ilimrudisha nyumbani msichana kwa sababu ya mtandio, serikali kuu ikaingilia kati, na mwaka uliofuata skuli ikakubali kubadili kanuni zake. Na Juni 2025, wazee wa Maryland, Waislamu na Wakristo pamoja, walipewa na Mahakama Kuu haki ya kuarifiwa na kuwatoa watoto wao katika masomo ya vitabu vinavyopingana na dini yao wakati kesi ikiendelea.

Haki hizi hazimjii aliyekaa kimya. Mzazi aandike barua mwanzoni mwa mwaka kuhusu Ijumaa, Ramadhani, nguo za michezo na chakula. Saa nazo zina mtihani wake: Disemba, kule Maine, Magharibi huingia mnamo saa 10 jioni, na Alasiri humkuta mtoto darasani au ndani ya basi.

Kwa wanaoulizia mwaka mmoja: mpango wa YES, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa nchi zenye Waislamu wengi, huwachukua vijana kukaa na familia mwenyeji isiyolipwa. Tanzania imewahi kuwamo. Mwaka huo hauahidi diploma, na kijana hutakiwa kurudi nyumbani. Anayetaka kumlipia mwanawe kwa viza ya mwanafunzi ajue kuwa haiskuli ya serikali humpokea kwa miezi 12 tu, na kwa gharama kamili. Kabla ya kukubali lolote, ulizeni Baraza la Mitihani la Tanzania masomo yale yatalinganishwaje, ili mtoto asirudi akakosa pa kuingia.

Kuhusu hukumu, tunayoona ni haya. Kijana wa kiume anayeswali bila kusukumwa, na familia mwenyeji ikajulishwa mapema juu ya Swala, nguruwe na pombe, hatuoni cha kumzuia. Kwa binti, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba safari isiyo ya faradhi haifai bila maharimu. Wapo wanavyuoni walioruhusu penye amani, lakini kukaa mwaka mzima katika nyumba yenye wanaume wasio maharimu wake ni jambo jengine, na hatulioni kuwa linafaa. Mwenye hali yake mahususi amfikie sheikh wake na karatasi za mpango mkononi, zikiwemo habari za nyumba anayopelekwa mtoto.

Wallahu a'lam.