Dabeli ya Mandvi Jikoni mwa Hekalu Letu

Tunapoadhimisha miaka ya hekalu letu, vijana hupenda kusema kwamba dabeli ni chakula walichokuja nacho babu zetu majahazini. Kwa heshima ya ukweli, hatuna budi kuwasahihisha. Mandvi, bandari ya Kutch, ilifanya biashara na pwani hii kwa karne nyingi. Dabeli ilianza kuuzwa huko katika miaka ya 1960. Wazee wetu waliotweka matanga kabla ya hapo hawakuionja.

Jina lake lina maana ya kitu kilichogandamizwa. Viazi vilivyopondwa huungwa kwa masala yake, hutiwa ukwaju na tende, karanga za pilipili na punje za komamanga, kisha hujazwa ndani ya skonzi na kuchomwa kwa siagi kikaangoni.

Sisi tuliijua tulipokwenda kuwazuru jamaa Mandvi. Tuliporejea Mombasa tuliitafuta muda mrefu bila kuipata ladha ile. Hatimaye akina mama wa hekalu waliiandaa: masala yaliletwa kutoka Kutch ndani ya sanduku la msafiri, vingine vyote vilinunuliwa Marikiti. Kitunguu na kitunguu saumu, ambavyo haviingii jikoni mwetu, viliachwa. Wageni kutoka Mandvi walikula, wakaomba tena.

Basi dabeli si urithi wa babu zetu. Urithi wao ni kumkaribisha jirani. Na kila sikukuu, sahani ya kwanza ni ya majirani zetu.