Ugonjwa wa wasiwasi katika historia ya Bukavu

Si kila wasiwasi ni ugonjwa. Mchuuzi anayevuka mto Ruzizi na furushi la vitenge kichwani, jicho kwa watu wa forodha, ana wasiwasi wenye sababu, nao humtoka akishafika ng'ambo. Ugonjwa ni hofu inayobaki sababu ikishaondoka, au inayozidi kiasi hata mtu akashindwa kulala, kufanya kazi au kutoka nyumbani. Kwa mji kama Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako sababu huondoka na kurudi, mpaka huo haukuwahi kuwa rahisi kuuchora.

Kiswahili cha Kivu huiweka hofu rohoni. Roho ni moyo unaodunda kifuani, na ni nafsi pia; anayelalamika kwamba roho inapiga huenda anaeleza vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu yuleyule aliweza kupelekwa kwa muuguzi leo, kwa mganga kesho, na kwenye maombi Jumapili. Ulaya na Marekani hazikuwa na maelezo bora zaidi hadi karne ya 19 ilipokaribia mwisho. Mwaka 1871 Carl Westphal wa Berlin aliandika kuhusu wagonjwa walioshindwa kuvuka viwanja vya wazi. Mwaka huohuo Jacob Da Costa alieleza askari wa Marekani ambao mioyo yao ilikwenda mbio bila kasoro ya kuonekana. Sigmund Freud aliipa hofu ya aina hii jina la pekee mwaka 1895. Mgawanyo unaotumika sasa ulikuja mwaka 1980, katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani.

Katika mgawanyo huo, jinsi unavyotumika sasa, wasiwasi wa jumla ni ule unaoshika kila jambo, kuanzia karo ya watoto hadi afya na unga wa kesho, kwa miezi 6 au zaidi, ukiambatana na misuli kukaza, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Hofu ya ghafla ni kitu kingine kabisa. Mtu amesimama sokoni Kadutu, hakuna lililotokea. Moyo unaanza kwenda mbio, pumzi inakatika, vidole vinakufa ganzi, jasho jembamba linamtoka, na anaamini kwamba anakufa papo hapo. Kilele hufika ndani ya dakika chache, kisha mawimbi yanashuka. Kinachomharibia maisha baadaye ni kuogopa kwamba hofu hiyo itarudi: anaanza kukwepa soko, basi, hata kanisa lililojaa. Wapo pia wanaoogopa kutazamwa na kuhukumiwa na watu, na wenye hofu ya kitu kimoja tu, kama nyoka, sindano au kupanda boti ya Goma. Kiwewe kinachofuata tukio la kutisha kilipata nafasi yake katika mwongozo huohuo wa 1980: ndoto mbaya, tukio kujirudia mchana kweupe, kukwepa kila kinachokumbusha, na kushtuka kwa mlango uliobamizwa.

Bukavu ilikuwa na sababu za kutosha za hofu hata kabla ya hapo. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushikilia mji kwa miezi kadhaa, kuanzia Agosti hadi Novemba. Kisha mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi walivuka mpaka kwa malaki, na mwaka huohuo kikaanza kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, kinachohusishwa na mabruda wa Frères de la Charité, shirika lililozaliwa Ghent mwaka 1807. Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29. Hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege ilifunguliwa 1999, na Juni 2004 wapiganaji wa Laurent Nkunda na Jules Mutebusi waliuteka mji kwa siku chache. Tarehe 3 Februari 2008 hata ardhi yenyewe ilitikisika, kwa kipimo cha 5.9.

Kwa kuwa huduma ziliingilia mlango wa vita, neno lililotamba ni la Kifaransa, traumatisme, na watu hulitumia kwa karibu kila maumivu ya nafsi. Hilo lina hasara yake. Mwenye hofu ya ghafla ambaye hajawahi kuona risasi huona kwamba ugonjwa huo si wake, akaenda kupimwa moyo mara ya nne.

Ushahidi mzuri kuhusu tiba umetoka hapohapo Kivu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kaskazini, uliohusisha wanawake 405 waliotendewa au kushuhudia ukatili wa kingono. Baadhi walipata tiba ya kuchambua fikra iliyobuniwa na Patricia Resick, kikao 1 cha mtu binafsi na 11 vya kikundi, wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Kazi za kuandika zilirahisishwa, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Baada ya miezi 6, dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi zilibaki kwa asilimia 9 ya kundi la kwanza, na asilimia 42 ya kundi la pili.

Hakuna aliyesubiri amani ili tiba ianze. Vijiji vingi vilikuwa bado hatarini. Wakati waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, aliyeshtuka kwa mlio wa usiku hakuwa na hofu isiyo na sababu, na daktari asingeweza kumpima kwa kuuliza tu kama hofu yake ina sababu. Ndiyo faida ya watafiti wa 2013 kuhesabu dalili pamoja na kazi za kila siku: kama mama anaweza kulima, kupika na kulea watoto wake, au hawezi.