Jinsi Japani Ilivyofunga Mlango Wake

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Nehemia, alipotaka kwenda Yerusalemi, alimwomba mfalme ampe nyaraka za kuwapelekea maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wamwache apite. Alikuwa mtu wa nyumbani mwa mfalme, tena alisindikizwa na askari wa farasi, walakini hakutaka kuikaribia mipaka ya watu mikono mitupu. Basi desturi ya kumtaka mgeni aonyeshe cheti ni ya kale sana, wala haikuanza na pasipoti na viza za siku hizi. Katika habari zote za jambo hili nilizozisoma, hakuna zinazoshangaza kama habari za Japani, nchi ambayo kwa miaka zaidi ya mia mbili iliutia mlango wake komeo. Watu husema kwamba sheria ile iliwaumiza wageni. Ni kweli, lakini tukiyafuata mambo yenyewe tutaona ya kuwa walioumia zaidi ni wana wa nchi.

Hapo kwanza mlango ulikuwa wazi. Wareno walifika mwaka 1543, wakaleta bunduki. Mwaka 1549 akafika Francis Xavier, akaleta Injili. Mwaka 1581 mapadre walimpeleka mtu mweusi, ambaye mwandishi mmoja wa baadaye asema alitoka Msumbiji, mbele ya mtawala Oda Nobunaga. Nobunaga hakuamini kwamba weusi ule ni wa mwili, akaamuru asuguliwe. Alipoona kwamba hautoki akapendezwa naye, akamweka katika watumishi wake na kumpa jina la Yasuke. Hatusomi popote kwamba mtu alimwuliza cheti. Hata Wajapani wenyewe walisafiri sana siku zile. Tangu mwaka 1604 jemadari mkuu, aitwaye kwa lugha yao shogun, aliwapa wafanya biashara hati zenye muhuri mwekundu, nao wakaenda mpaka Siam na Luzon, na wengine wakajenga mitaa yao huko wakakaa.

Ndipo hofu ikaingia. Watawala wa ukoo wa Tokugawa waliona watu wengi wamebatizwa, wakaogopa kwamba nyuma ya padre yuaja askari wa mfalme wa Ulaya. Mwaka 1614 dini ya Kikristo ikakatazwa katika nchi yote. Mwaka 1635 ikatoka amri kwamba hakuna Mjapani atakayetoka nje ya nchi, na kwamba aliyekwisha kutoka, akirudi, atauawa. Msomaji aitazame amri hii ya pili vizuri. Wale waliojenga mitaa ng'ambo, walioondoka na hati halali ya muhuri mwekundu, kwa siku moja walifungiwa nje na nchi yao wenyewe, wala hawakuwa wamekosa neno.

Katika mwaka 1637 watu wa Shimabara, wengi wao Wakristo, wakaasi kwa sababu ya kodi na mateso. Mwaka 1638 ngome yao ikaanguka wakauawa kwa maelfu. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa kabisa. Mji wa Macau ulituma wajumbe mwaka 1640 kusihi biashara irudishwe. Watu 61 wa chombo kile wakakatwa vichwa, na 13 wakaachwa hai ili wapeleke habari. Tangu siku hiyo kila mtu alijua ya kuwa amri si maneno matupu.

Hata hivyo mlango haukuzibwa wote. Waholanzi, ambao walitaka biashara tu wala hawakuhubiri, walihamishwa mwaka 1641 wakawekwa katika kisiwa kidogo mbele ya mji wa Nagasaki, jina lake Dejima. Kisiwa hicho kilifanywa kwa mikono ya watu, umbo lake kama upepeo, urefu wake mita 120 hivi na upana wake 75. Daraja moja tu liliunganisha kisiwa na mji, na penye daraja palikuwa na walinzi. Meli ilipofika, mizinga na baruti vilichukuliwa. Mabaharia wakaitwa mmoja mmoja kwa jina. Biblia na vitabu vya dini vikatiwa katika pipa, likafungwa kwa muhuri, nao hawakurudishiwa mpaka siku ya kuondoka. Mkubwa wao alibadilishwa kila mwaka, asije akazoeana mno na watu. Tena ilimpasa kwenda Edo kumsujudia shogun. Na daktari Engelbert Kaempfer, aliyekwenda katika safari hizo mwaka 1691 na 1692, aeleza kwamba aliamriwa kucheza na kuimba mbele ya wakubwa ili wapate kuchekeshwa. Hiyo ndiyo bei ya ruhusa, nao Waholanzi waliilipa, kwa maana faida ilikuwa kubwa.

Lakini penye walinzi wengi hapakosi werevu. Daktari Thunberg, Mswidi aliyefika Dejima mwaka 1775, aandika kwamba zamani nahodha peke yake hakupekuliwa. Basi manahodha walishona makoti mapana ya hariri, wakayajaza bidhaa za magendo, wakashuka pwani mara tatu kwa siku, na mara nyingine nahodha alishikwa mikono na mabaharia wawili asianguke kwa uzito. Wajapani wengi waliamini kwamba manahodha wa Kiholanzi ni watu wanene kwa asili yao. Mwaka ule ikaja amri kwamba nahodha avae kama wenzake na kupekuliwa kama wao, na watu wa Nagasaki wakastaajabu kuona jinsi alivyokonda ghafula.

Jambo jingine la Dejima si la kuchekesha. Mwaka 1817 mkubwa mpya wa Waholanzi, Jan Cock Blomhoff, alikuja na mkewe Titia na mtoto wao mchanga. Sheria haikuruhusu mwanamke wa Kizungu kukaa. Wachoraji wa Nagasaki walikuja kumtazama, wakachora sura yake mara nyingi, kwa kuwa hawajapata kuona mtu kama yeye. Na mumewe aliandika maombi ya kusihi aachwe. Jibu likawa ni hapana. Mwisho wa mwaka Titia akapandishwa melini na mtoto wake, akarudi Uholanzi, akafa mwaka 1821, kabla mumewe hajarudi kwao. Picha zake zikabaki Japani.

Wachina nao waliruhusiwa Nagasaki, nao wakawekwa katika boma lao. Mwaka 1715 Wajapani waliweka kanuni kwamba merikebu za Kichina zisizidi 30 kwa mwaka, na kila moja iwe na cheti kilichotolewa na Wajapani wenyewe. Isiyo na cheti irudi na mzigo wake. Cheti hicho kilileta fitina kubwa huko China. Mwaka uliandikwa juu yake kwa hesabu ya enzi za Kijapani, na wafanya biashara waliokosa cheti wakawashitaki waliopata, wakisema, Hawa wamemkubali mfalme mwingine. Vyeti vikanyang'anywa. Lakini Kaisari Kangxi, aliyekuwa mtu wa akili, alikata shauri mwaka 1717 kwamba hiyo ni alama ya biashara tu wala si utii, akaamuru warudishiwe. Ningependa waamuzi wote wa karatasi wangekuwa na akili kama hiyo!

Warusi hawakubahatika hivyo. Mwaka 1782 jahazi la Mjapani Daikokuya Kodayu lilichukuliwa na dhoruba mpaka kisiwa kimoja cha kaskazini. Kodayu alikaa Urusi miaka karibu kumi, akamwona Malkia Catherine mwenyewe, akarudishwa mwaka 1792 na ujumbe wa Adam Laxman. Hakuuawa, maana siku zile hukumu ya kifo haikutekelezwa tena juu ya watu waliopotezwa na bahari. Walakini hakuachwa akakae kwao kama zamani, bali aliwekwa Edo chini ya ulinzi maisha yake yote. Naye Laxman alipewa karatasi ya kuruhusu meli moja ya Kirusi kuingia Nagasaki. Warusi wakaiweka karatasi ile kama hazina. Mwaka 1804 mjumbe wao Rezanov akaja nayo, akangojeshwa miezi sita, kisha mwaka 1805 akaambiwa aondoke asirudi. Tena mwaka 1808 meli ya kivita ya Kiingereza ilitweka bendera ya Uholanzi ikaingia Nagasaki kwa hila, ikawakamata Waholanzi waliokwenda kuilaki, ikapata chakula na maji kwa vitisho, ikatoka. Liwali wa Nagasaki alijiua kwa aibu. Hofu ikazidi, na mwaka 1825 ikatoka amri kwamba meli yo yote ya kigeni ikikaribia pwani ipigwe mizinga bila ya kuulizwa neno.

Sasa nifike kwa kijana Otokichi, ambaye kwa ajili yake hasa nimeandika habari hizi. Alikuwa mwana wa kijiji cha Onoura, umri wake miaka 14 hivi, alipoondoka mwaka 1832 katika jahazi lenye watu 14 likipeleka mchele Edo. Dhoruba ikavunja usukani, jahazi likaelea miezi kumi na minne katika bahari kuu. Lilipotupwa pwani ya Amerika walikuwa hai watu watatu tu. Wenyeji wa pwani ile wakawashika, kisha wafanya biashara wa Kiingereza wakawakomboa, wakawapeleka London, na kutoka huko mpaka Macau. Huko walikaa na mmisionari Karl Gützlaff, nao wakamsaidia kuifasiri Injili ya Yohana kwa Kijapani, ikapigwa chapa Singapore mwaka 1837.

Mwaka ule ule mfanya biashara wa Kimarekani aliwapakia wale watatu pamoja na Wajapani wengine wanne katika meli Morrison ili awarudishe kwao. Mizinga ya meli aliitoa kabisa, ionekane kwamba amekuja kwa amani. Wakaingia ghuba ya Edo, wakaiona nchi yao kwa macho, na mizinga ya pwani ikalia. Wakajaribu tena Kagoshima, upande wa kusini. Mizinga ikalia tena. Wakarudi Macau. Msomaji afikiri: mtu ameishinda bahari miezi kumi na minne, amezunguka dunia, na mlango wa nyumbani ndio uliomshinda. Wakubwa walipopata habari baadaye kwamba ndani ya meli ile walikuwamo watoto wa nchi, baadhi yao waliinung'unikia sheria, na mwaka 1842 amri ya kupiga mizinga ikalegezwa.

Otokichi alioa, akafanya kazi Shanghai. Mwaka 1849 alirudi Japani katika meli ya Kiingereza kama mkalimani, akajifanya Mchina ili asitambuliwe. Mwaka 1854 alikuja tena Nagasaki katika kazi hiyo hiyo, na safari hii wakubwa walimwambia kwamba aweza kubaki. Alikataa, kwa kuwa alikuwa na nyumba na watoto ng'ambo.

Kwa maana mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, wala si kwa hiari. Julai mwaka 1853 Mmarekani Perry alikuja na meli nne za kivita, na mwaka 1854 mkataba ukatiwa sahihi. Mikataba ya mwaka 1858 iliwaruhusu wageni kukaa Yokohama na bandari nyingine. Mwaka 1866 Wajapani nao wakaruhusiwa kutoka nchini, na pasipoti za kwanza hawakupewa mabalozi wala matajiri, bali kundi la wachezaji wa mazingaombwe waliokwenda kuwaonyesha Wazungu michezo yao! Mwaka uliofuata Otokichi akafa Singapore, amekuwa raia wa Kiingereza. Mwaka 2005 watu wa kijiji chake walikwenda huko, wakaleta nyumbani sehemu ya majivu yake.

Wageni hawakupewa nchi nzima mara moja. Waliokaa bandarini waliruhusiwa kutembea kilomita 40 hivi, basi. Aliyetaka kwenda mbele zaidi ilimpasa apate cheti cha safari ya bara. Isabella Bird, mwanamke wa Kiingereza aliyesafiri mpaka kaskazini kabisa mwaka 1878, aeleza masharti ya cheti chake: asiwashe moto mwituni, asiende penye nyumba iungualo akiwa juu ya farasi, asikanyage mashamba, asiandike juu ya kuta za mahekalu, asikimbize gari katika njia nyembamba, tena awe mpole kwa wenyeji. Kila nyumba ya wageni aliyolala, mwenye nyumba alikinakili cheti. Mimi siyaoni masharti hayo kuwa mabaya; nadhani yaliandikwa na watu waliokwisha kuwaona wageni wakiyafanya mambo hayo yote. Cheti hicho kiliendelea kutakiwa mpaka Julai mwaka 1899, mikataba mipya ilipoanza kutumika, na wageni wakawekwa chini ya sheria za Japani kama wenyeji, nao wakaachwa waende popote.