Wafalme Waliofanywa Miungu katika Sarafu za Roma

 

Ndugu zetu katika imani, siku hizi tunahesabu mali zetu ili tutoe zaka. Basi na tutazame sarafu ilivyotumiwa na waliotutangulia.

Julius Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Miaka 2 baadaye, Seneti ya Roma ilimtangaza kuwa mungu. Mwanawe wa kuasili, ambaye baadaye aliitwa Augustus, akajinadi katika sarafu kuwa ni mwana wa mungu huyo, na nyota yenye mkia ikachorwa kuwa ishara ya roho ya Caesar iliyopaa mbinguni.

Desturi hiyo ikaota mizizi. Mfalme akifa, sarafu zilichorwa tai anayembeba, au kuni zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa kwa ajili ya kumchoma maiti. Malkia alichorewa tausi. Faustina, mke wa Antoninus Pius, alipofariki mwaka 140, mumewe alitoa sarafu nyingi mno zenye jina lake la uungu.

Tuzingatie: ni nani aliyenufaika? Si maiti, bali mrithi wake aliye hai, aliyepata nasaba isiyopingwa. Kwa kuwa uungu huo ulitolewa na watu, watu waliweza pia kuunyima. Domitian alipouawa mwaka 96, Seneti iliamuru jina lake lifutwe.

Jina la dinari tumelipokea kutoka kwa Warumi hao. Khalifa Abd al-Malik bin Marwan naye mwanzoni alitoa dinari zenye sura ya khalifa aliyesimama na upanga. Lakini mwaka 77 Hijria aliiondoa sura hiyo, na mahali pake pakaandikwa shahada ya Tauhidi pamoja na maneno ya Suratul Ikhlas, yanayokanusha kwamba Mwenyezi Mungu ana mwana au mzazi. Hata jina lake mwenyewe hakuliandika.

Nasi tunaoishi ugenini, ambako fedha huwapandisha watu daraja, tujiulize: ni sura ya nani iliyochorwa nyoyoni mwetu tunapoifunga mikoba yetu? Tuitoe zaka kabla ya sala ya Idi kutukuta tukisitasita.