Sentimita Tano za Mfupa: Historia ya Kurefusha Miguu, na Nani Anayetupima



Katika biashara ya nguo haipiti siku bila ya kusikia neno "mfupi". Mmoja anataka gauni litakalomrefusha, mwengine anasema buibui litamzamisha. Sisi wenyewe ni wafupi, tena wa kupanda kigoda kufikia rafu ya juu dukani, kwa hiyo maneno haya yanatuingia. Dawa zake tunazo: mistari ya kusimama, kiuno kilichopandishwa kidogo, pindo linalofunika kiatu, na mchuchumio kwa anayeuweza. Lakini siku hizi simu zinatuletea dawa nyengine. Hospitali za nje zinatangaza kwamba ukilipa utarudi nyumbani umeongezeka sentimita tano, sita, hata nane, na urefu huo ni wa mfupa wenyewe, uliokatwa kisha ukavutwa.

Wapo vijana, wa kike na wa kiume, wanaolifikiria jambo hili kwa dhati. Kabla hatujasema lolote kuhusu uzuri au ubaya wake, tumeona bora tujue lilikotoka. Historia yake haikuanzia kwenye urembo hata kidogo.

Lilianza kwa waliovunjika

Mwaka 1905 daktari wa Kiitaliano Alessandro Codivilla, wa Taasisi ya Rizzoli mjini Bologna, alieleza namna alivyowarefusha wagonjwa ambao mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwengine. Aliukata mfupa wa paja, akapitisha msumari kwenye kisigino, akauvuta mguu kwa nguvu, kisha akautia hogo. Mfupa ulivutika, lakini nyama, ngozi na mishipa ya fahamu haikuweza kuufuata kwa kasi ile, na madhara yalikuwa makubwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari waliiogopa kazi hii.

Aliyebadilisha mambo ni Gavriil Ilizarov. Alizaliwa mwaka 1921, akakulia Azerbaijan katika familia masikini, akamaliza masomo ya udaktari mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea. Alipelekwa kufanya kazi kijijini katika mkoa wa Kurgan, Siberia ya magharibi, mbali na hospitali kubwa za Moscow. Vita vilirudisha watu wengi wenye mifupa isiyounga, na yeye hakuwa na vifaa vya maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akabuni chombo chake: pete za chuma zinazouzunguka mguu, nyaya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa, zilizokazwa kama spoku za baiskeli, na fito zenye nati za kuzungusha.

Nia yake ilikuwa kuvibana vipande vya mfupa vikutane. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizizungusha nati kinyume, vipande vikaachana badala ya kubanana, na daktari alipoangalia picha ya eksirei akaona mfupa mpya umeota katikati ya pengo. Akafanya utafiti kwa miaka mingi, akathibitisha kwamba mfupa ukivutwa polepole sana hujijaza wenyewe. Subhanallah, uwezo huo ulikuwemo mwilini siku zote. Ulikuwa unangoja mtu wa kuuona.

Moscow hawakumsikiliza kwa muda mrefu. Jina lake lilikua alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 1964 na kuharibika mguu vibaya katika ajali ya pikipiki mwaka uliofuata. Brumel alifanyiwa upasuaji mara nyingi bila ya kupona, mpaka alipofika Kurgan akarudi kutembea, hata kuruka. Mwaka 1980 akaenda Carlo Mauri, mpanda milima wa Kiitaliano aliyekuwa akichechemea kwa karibu miaka ishirini. Alirudi kwao amepona, na madaktari wa Italia walipouona mguu wake hawakuamini. Mwaka uliofuata wakamwalika Ilizarov aje kuwafundisha. Hivyo ndivyo fundi wa kijijini Siberia alivyowafikia mabingwa wa Ulaya na Marekani.

Tunalisimulia hili kwa urefu ili tusichanganye mambo. Mtoto aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, aliyevunjika katika ajali, aliyeliwa mfupa na maradhi, wote hawa wamefaidika na kazi ya mtu huyu. Hii ni neema.

Namna inavyofanywa

Matangazo hupita haraka sehemu hii, basi sisi tukae nayo. Daktari huukata mfupa wa paja au wa muundi, wa miguu yote miwili. Husubiriwa siku tano mpaka saba hivi. Kisha huanza kuvuta, kwa kawaida milimita moja kwa siku, ikigawanywa robo robo mara nne. Sentimita tano ni siku 50 za kuvuta, kila siku. Ukishamaliza kuvuta, mfupa mpya bado ni laini. Unahitaji muda wa kukomaa ambao mara nyingi ni mara mbili ya ule wa kuvuta au zaidi. Baada ya hapo yapo mazoezi ya kujifunza tena kutembea. Hesabu yote ni miezi mingi, na kwa wengi mwaka mzima hupita kabla hawajajiona wamerudi katika hali yao.

Misuli na kano havina mwendo wa mfupa. Ukirefusha muundi, kisigino huanza kunyanyuka, mtu akasimama kwa vidole bila ya kutaka. Ukirefusha paja, goti huwa gumu. Pana hatari ya usaha pale nyaya zinapoingia, mshipa wa fahamu kuumia, damu kuganda, au mfupa kukataa kuunga. Madaktari wenyewe wanasema hivyo.

Sasa tujiulize sisi, tunaokunja magoti kwa sijda mara tano kwa siku, tunaokaa mkekani, tunaokanyaga cherehani kuanzia asubuhi. Goti letu lina thamani gani ukilinganisha na sentimita tano?

Lilivyogeuka kuwa urembo

Kutoka kwa waliovunjika, chombo hiki kiliwafikia wasioumwa. Nchi ambako jambo hili lilionekana waziwazi ni China, kule kule ambako wengi wetu tunaagiza mizigo.

China ina historia ndefu na miguu ya wanawake. Kwa karne nyingi wasichana wadogo walifungwa miguu kwa vitambaa mpaka mifupa ikavunjika na vidole vikajikunja chini ya unyayo. Mguu uliosifiwa ulikuwa wa sentimita kumi hivi. Waliofanya hivyo walikuwa akina mama na bibi, na hawakuwachukia watoto wao. Walijua kwamba msichana mwenye mguu mkubwa angekosa mchumba wa maana. Serikali ya Jamhuri ilipiga marufuku mwaka 1912, ingawa sehemu nyengine desturi iliendelea kwa miaka kadhaa.

Miaka ya 1990 uchumi wa nchi ile ulikuwa umefunguka na vijana walikimbilia ajira za mijini. Matangazo ya kazi yakawa yanataja urefu kama yanavyotaja elimu. Mwishoni mwa mwaka 2001, tawi la benki kuu ya nchi katika mji wa Chengdu lilitangaza nafasi kwa wanaume waliozidi sentimita 168 na wanawake waliozidi sentimita 155. Mwanafunzi wa sheria asiyefikia kimo hicho aliifungulia benki kesi. Mahakama haikumpa ushindi, lakini sharti lile liliondolewa kwenye tangazo, na kesi yake ikazungumzwa nchi nzima. Matangazo ya uchumba nayo yalikuwa yakitaja sentimita. Katika hali hiyo, vijana wenye afya kamili walianza kuingia hospitali kukatwa miguu ili warefushwe, wengine kwa pesa za wazazi.

Angalia mfanano. Zamani mguu ulifupishwa ili binti aolewe. Baadaye mguu ukarefushwa ili kijana aajiriwe au aolewe. Kipimo kiligeuka upande, lakini aliyeshika kipimo ni yule yule, na anayelipa kwa mfupa wake ni yule yule. Katika kazi yetu fundi hukikata kitambaa kimfae mtu. Hapa mtu ndiye aliyekatwa afae tangazo.

Mstari uliochorwa mara mbili

Malalamiko ya walioharibiwa miguu yaliongezeka. Mwezi Novemba 2006 Wizara ya Afya ya China ilipiga marufuku kurefusha miguu kwa ajili ya urembo. Iliruhusu kwa matibabu tu, katika hospitali zenye wataalamu wa mifupa.

Miezi minane baadaye, Julai 2007, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Putrajaya, Malaysia, kujadili upasuaji wa urembo kwa jumla. Walikubali upasuaji wa kurejesha kiungo katika hali yake ya kawaida, wa kuondoa kasoro ya kuzaliwa nayo au iliyoletwa na ajali, na wa kumwondolea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Walikataa ule wa kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio au kuiga wengine.

Wizara ya serikali isiyo na dini na baraza la masheikh walifika karibu sehemu moja kwa njia mbili tofauti. Na mstari huu si mgeni kwetu. Tumesoma kisa cha sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikamletea harufu, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu kutumia ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa mwanamume imekatazwa. Dini haikumwambia akae bila ya pua. Upande wa pili tunajua lilivyokemewa jambo la kuchonga meno kwa kutafuta uzuri tu.

Wapo walio katikati ya mstari. Mtu aliyezaliwa na kimo kifupi sana kwa sababu ya maradhi ya mifupa, asiyefikia bomba la maji wala kitasa cha mlango, si sawa na anayetaka kutoka sentimita 158 kufika 165. Hata miongoni mwa watu hao wenyewe maoni hayafanani. Wapo wanaosema warefushwe wapate kujitegemea, na wapo wanaosema ishushwe meza, kaunta na ngazi, wao waachwe walivyoumbwa. Wenye haki ya kulijadili hilo ni wao pamoja na madaktari wao, si sisi.

Leo chuma kimeingia ndani

Wengi hudhani pete za chuma ndiyo habari yote. Tangu mwaka 1983, daktari Alexander Bliskunov wa Simferopol alitengeneza chuma cha kurefusha kinachokaa ndani ya mfupa. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha chuma kiitwacho PRECICE, ambacho hurefuka kwa sumaku inayowekwa nje ya mguu. Makovu yamepungua na usaha umepungua. Lakini mfupa bado unakatwa, milimita bado ni moja kwa siku, na misuli bado haina haraka.

Upya wa kifaa pia si dhamana. Mwaka 2018 kilitoka kingine, Stryde, kilichosifiwa kwamba mgonjwa anaweza kukikanyagia uzito mapema. Mwaka 2021 kilisitishwa baada ya madaktari kuona mabadiliko ya mfupa karibu na maungio ya chuma hicho. Waliokuwa nacho mwilini walishakilipia.

Siku hizi matangazo mengi yanatoka Istanbul, mji ambao wafanyabiashara wa nguo tunaujua kwa magauni yake. Bei ni makumi ya maelfu ya dola, bado nauli, pango la miezi na mtu wa kukuuguza.

Kabla hujaamua

Ukiwa na mguu mmoja mfupi, au mfupa uliopinda, usione haya. Nenda kwa daktari bingwa wa mifupa, uliza, tibiwa. Ilizarov alihangaika kwa ajili ya watu kama wewe.

Ukiwa mzima na unawaza kuongeza sentimita, usiseme na wakala anayelipwa kwa kukupeleka. Sema na daktari asiyekuuzia kitu. Muulize atakayekufuatilia ukisharudi kisiwani ni nani, na mfupa usipounga utakwenda wapi, kwa pesa za nani. Tafuta aliyefanyiwa miaka mitano iliyopita. Aliyefanyiwa mwezi uliopita bado hajajua. Kisha uliza swali ambalo historia yote hii inatuachia: ni nani aliyekwambia hufai kwa kimo hicho? Akiwa ni mchumba, umeshamjua kabla ya ndoa, nayo ni faida. Akiwa ni mwajiri, yule mwanafunzi wa Chengdu alikwenda mahakamani na miguu yake mizima, na sharti likaondoka.

Na sisi wazazi, mashangazi na wafanyabiashara tuuchunge ulimi. Neno "kafupi" tunalolitupa kwa mzaha mbele ya mtoto hulibeba kwa miaka. Watoto wetu tuwapime tunapowashonea nguo ya Idi, tena kwa furaha ya kuona wamekua, na ikitosha hapo inatosha.

Allah atuongoze sote katika maamuzi yetu, na awaponye wanaoumwa. Amin.