Limfoma, Mulago na Swali la Tiba Zilizopo

Mtu anapoambiwa kwamba ana limfoma, yaani saratani inayoanzia katika seli za mfumo wa limfu, huuliza kwanza: nitatibiwa kwa njia gani? Ni nadra kuuliza kwa nini njia hizo ndizo zilizopo na nyingine hazipo. Jibu la swali hili la pili limo katika historia yetu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri takriban maili 10,000 kwa gari kuukuu, hospitali hadi hospitali, wakiuliza ulikoonekana na usikoonekana. Mwaka 1964 watafiti wa London walitangaza kirusi kilichoonekana katika seli zilizooteshwa maabara kutoka vipande vya uvimbe vya Uganda. Ndicho kiitwacho leo Epstein-Barr.

Lakini wazazi hawakuleta watoto wao kwa ajili ya utafiti. Kisu kiliharibu uso wa mtoto, na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi haikuwapo Mulago. Zilibaki dawa. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi wakazijaribu, zikiwamo methotrexate na cyclophosphamide. Kwa kuwa seli za uvimbe huu hugawanyika kwa kasi kubwa, dawa ziliupata barabara: kwa baadhi ya watoto uliyeyuka kwa dozi chache, wala haukurudi. Huo ukawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo duniani kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 Kituo cha Tiba ya Limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Marekani. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, Wamarekani waliondoka, na Mganda Charles Olweny akabeba mzigo wa taasisi hiyo. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa.

Leo, katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu hupona wachache zaidi, ingawa baadhi ya dawa ni zilezile zilizojaribiwa kwetu. Mtoto hufika akiwa amechelewa, majibu ya kipimo cha kinyama hukawia, dawa huisha stoo, nauli humshinda mzazi katikati ya matibabu.

Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: limfoma yangu ni ya aina gani, imeenea kiasi gani, na ni tiba ipi iliyopo? Lakini swali la kwa nini nyingine haipo lisimwelemee daktari peke yake. Hilo tuwaulize wanaopanga bajeti.